Ukweli kabla ya arbuni: mwongozo wa kuishi na fundi, wakili na kila unayemwajiri

Miaka kadhaa iliyopita niliita fundi mwashi aitazame nyumba yetu ya urithi pale Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta wa ghorofani ulikuwa unalowa kila masika na lipu inabanduka kwa mapande. Fundi akauliza, "Ukuta huu umeshawahi kuguswa?" Nikamjibu haujaguswa tangu enzi za babu. Haikuwa kweli. Miaka mitatu kabla yake tulileta mtu mwengine akaupiga saruji, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilificha kwa sababu niliogopa kuwa akisikia habari ya saruji atapandisha bei.

Akatoa bei ya kuondoa lipu ya chokaa na kupiga mpya. Siku ya pili ya kazi akaikuta saruji. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imelainika kama uji, na vichwa vya boriti mbili vilikuwa vimeoza mlemle ukutani. Kazi ya wiki mbili ikawa ya miezi miwili. Alipoomba nyongeza nilimwita mwongo. Akakusanya vyombo vyake akaondoka, na mimi nikaeneza mtaani kwamba fundi yule kanila pesa. Ilinichukua muda mrefu kukubali kuwa mwongo katika kazi ile nilikuwa mimi. Nilipomfuata kwake Mwanakwerekwe kumuomba radhi, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahiki.

Tangu hapo nimesimamia ujenzi na matengenezo ya nyumba za ndugu kadhaa, Unguja na Chake Chake, wengi wao wenyewe wakiwa Muscat, Dubai na Uingereza. Nasikia kila siku kwamba mafundi ni waongo, hawafiki kazini, wanakula arbuni, ile pesa ya kutanguliza. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi zaidi niliowaona ni mafundi waliodanganywa kwanza, nao wakajifunza kujikinga kwa uongo. Kwa hiyo naandika upande wetu sisi tunaoajiri.

Hatua ya 1: Kagua mwenyewe kabla ya kuita mtu

Zunguka nyumba na daftari. Andika ugonjwa, usiandike dawa. "Dari ya chumba cha watoto inavuja upande wa kibla mvua ikija na upepo" ni habari inayomsaidia fundi. "Nataka kubadilisha mabati" ni dawa, na pengine siyo yake. Piga picha, hasa wakati mvua inanyesha, maana fundi akija siku ya jua kali hataona unachokiona wewe.

Halafu tazama majira. Kazi ya paa uiwahi kabla ya masika, kwa maana imalizike Machi haijaanza. Lipu ya nje iache mvua zipite. Na kwa walioko Pemba, angalia msimu wa karafuu. Vuno likiiva, saidia fundi wako anaweza kuwa juu ya mkarafuu, na ana haki, kwani pesa ya mchumo ndiyo inayolipa ada za skuli nyumbani kwake. Muulize fundi mapema, "Vuno likianza, vijana watabaki?" Jibu la kweli litakupa ratiba ya kweli.

Hatua ya 2: Mwambie yote

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na zinaharibika kabla mwiko haujatolewa kwenye mkoba.

Anza na historia ya nyumba. Nani aliigusa, lini, alitumia nini. Katika nyumba za Mji Mkongwe jambo hili si dogo. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na zinapumua: unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye uso wa ukuta. Ukiziba uso huo kwa saruji, unyevu na chumvi yake hukosa pa kutokea, ukajikusanya ndani na kula chokaa, kisha ukazifikia boriti za mkoko pale zilipoingia ukutani. Fundi akijua kuna saruji atapanga kuitoa taratibu na atakutaka utegemeze sakafu kabla hajaanza. Asipojua, atagonga.

Nyufa pia ziseme zote, hata ile iliyofichwa nyuma ya kabati. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kila ninaposimama Forodhani, mbele ya jumba hilo, huwakumbuka. Nyumba kongwe ina siri zake ambazo hata fundi bingwa hazioni. Usimuongezee na za kwako.

Mwambie habari ya kibali. Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, ni jukumu la mwenye nyumba. Nimewaona watu wakimwambia fundi "kibali kipo, anza tu", wakaguzi wakaja, mwenye nyumba hapatikani kwa simu, na anayebaki kujieleza ni yule aliye juu ya dungu, jukwaa la kusimamia mafundi. Kama kibali hakijatoka, sema hakijatoka, na msubiri pamoja.

Mwambie nani mwenye nyumba. Ikiwa ni ya urithi na kuna ndugu hajaridhia, fundi ana haki ya kujua kabla hajafukuzwa na shangazi yako mbele za watu.

Mwisho ni pesa. Watu wengi wanaamini ukimtajia fundi ulicho nacho atahakikisha kinakwisha. Mimi nimeona kinyume chake. Fundi anayejua kikomo anaweza kukwambia, "Kwa pesa hii tufanye paa mwaka huu, lipu tuiache." Asiyekijua anaanza vyote na havimaliziki. Sikwambii umfungulie mkoba wote. Kunyamaza si uongo. Kusema "sina" na unayo ndio uongo. Mimi hutaja kiasi cha kazi, na kwa nyumba ya zamani huweka kando kama asilimia 15 kwa yatakayojitokeza, nikamwambia wazi kuwa kuna akiba ya dharura na kwamba haiguswi ila tumekaa tukakubaliana.

Hatua ya 3: Bei

Ita mafundi wawili au watatu, na kila mmoja mwambie kuwa umeita na wengine. Wape wote maelezo yaleyale. Fundi aliyetoka Fuoni au Mwera kuja mjini kukukagulia amepoteza nusu siku, kwa hiyo mpe nauli na kitu juu yake hata kama hutomchukua.

Kuna dhulma moja tumeizoea mpaka hatuioni. Fundi wa kwanza anapima, anapiga hisabu ya mifuko ya saruji, kokoto na nondo, anakuandikia. Kisha karatasi yake unampa fundi wa pili, "hebu nambie wewe utafanya kwa ngapi". Ile hisabu ni kazi ya kichwa chake. Ukitaka kuitumia, inunue.

Kupatana ni ada yetu na hakuna ubaya. Patana mara moja, kabla ya kazi kuanza, kisha uache. Na ukitaka bei ishuke, punguza kazi, usipunguze mtu. "Tukiacha baraza ya nje, inakuwa ngapi?" ni swali la heshima. "Mbona ghali hivyo, kazi yenyewe si ya siku mbili?" si swali. Sentensi ninayokusihi uiache kabisa ni hii: "Nifanyie rahisi hii, nitakuletea kazi nyengine kubwa." Kila fundi wa Zanzibar ameisikia, na karibu kila mara ilikuwa ahadi ya mdomo tu. Ahadi ni deni. Kama kazi kubwa ipo kweli, mwoneshe ramani yake.

Ukishaamua, wapigie simu wale ambao hukuwachukua. "Fundi, nakushukuru, safari hii nimempa mwengine." Dakika moja. Vyenginevyo mtu atakusubiri na huku anakataa kazi ya mtu mwengine.

Hatua ya 4: Andikianeni

Watu huona haya kuandikiana na mtu wanayemjua. "Huyu mtoto wa jirani, tuandikiane nini?" Nami huwakumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Haikusema waandikiane wasioaminiana peke yao.

Karatasi yenyewe iwe nyepesi, ya Kiswahili, nakala mbili. Mimi huandika hivi:

*Leo tarehe fulani, mimi fulani wa Kikwajuni na fundi fulani wa Fuoni tumekubaliana: ataondoa lipu ya saruji ukuta wa kaskazini wa ghorofa ya kwanza, atabadilisha boriti 2, atapiga lipu ya chokaa. Ufundi ni shilingi 1,200,000. Arbuni 300,000 leo. Shilingi 400,000 boriti zikishakaa. Shilingi 400,000 lipu ikimalizika. Shilingi 100,000 wiki mbili baadaye, tukishakagua pamoja. Vifaa ni vya mwenye nyumba. Maji ni ya mwenye nyumba. Saidia fundi analipwa na fundi. Jambo lolote likiongezeka tutaliandika hapa chini kabla halijafanywa.*

Saini mbili na shahidi mmoja au wawili. Msomee kwa sauti, hata kama anajua kusoma. Wapo mafundi hodari wa mkono ambao macho yamechoka au skuli waliiacha mapema, na hawatakwambia. Ukisoma kwa sauti kama ndio utaratibu wako kwa kila mtu, hakuna anayefedheheka.

Kipengele cha saidia fundi kina uzito wake. Nimeshuhudia kijana akibeba mchanga wiki nzima, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayemlipa.

Na ukubali muda anaoutaja. Chokaa inahitaji kulowekwa na kuiva kabla ya kutumika, na lipu yake hupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikingojewa. Fundi anayesema "nipe siku" si mvivu. Lipu ya saruji nayo inataka kumwagiwa maji kama siku 7, kwa hiyo andikeni ni nani atakayemwagia, maana fundi hatokuja kutoka Bumbwini kwa ajili ya ndoo mbili.

Hatua ya 5: Vifaa na risiti

Ukiweza, nunua mwenyewe. Ukimtuma yeye, mpe pesa ya kifaa mbali na pesa ya ufundi, na risiti ziingie daftarini siku ileile mbele yenu wawili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchanga kwetu hauchimbwi ovyo, una vibali vyake na bei yake, basi usimshike fundi uchawi ukisikia umepanda. Piga simu uulize.

Mfuko wa saruji ukikosekana, hesabu kwanza. Kumtuhumu mtu wizi na baadaye ukaukuta mfuko chini ya ngazi ni jeraha lisilofungika kwa samahani moja.

Hatua ya 6: Siku za kazi

Fundi akifika, msalimie kabla ya kumuonesha kosa la jana. Pemba salamu ina urefu wake, nyumbani, watoto, wazee, na anayeikata ameshajieleza ni mtu wa namna gani. Mwashi mtu mzima ni mzee au ami, au maalim ikiwa ana wanafunzi chini yake. Saidia fundi naye ana jina, lijue, ulitumie. Kumwita mtu kwa mluzi kutoka dirishani si adabu hata kama una haraka.

Maji yawepo kabla yeye hajafika. Hili nalisema kwa mkazo: tangi likiwa tupu na mfereji hautoi, siku imekufa, na kama ni kosa lako, lipa ile siku. Onesha choo cha kutumia, siku ya kwanza, bila kungoja aulize. Watu wazima wamefanya kazi katika nyumba nzuri za mji huu wakivuka mtaa kwenda kujisaidia msikitini kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaambia.

Chai ya saa nne si lazima katika mapatano, lakini ukiwapa, wape kama unavyowapa wageni: kwenye sinia, chapati au maandazi ya leo, si mabaki ya jana. Usiihesabu kwenye malipo. Adhuhuri waache waende wakaswali bila kutazama saa, na Ijumaa jua kazi itasimama kuanzia saa sita hivi mpaka sala iishe. Kama uliandika ratiba bila kuihesabu Ijumaa, makosa ni ya ratiba.

Ramadhani ni sura yake peke yake. Mtu aliyefunga hawezi kuchanganya zege chini ya jua la saa nane mchana kama mwezi mwengine. Mpangilie kazi nzito asubuhi mapema, wamalize kabla ya alasiri, na kama mlikubaliana kwa kazi nzima usikate hata shilingi kwa ufupi wa siku. Fungu linaloangukia karibu na sikukuu litoe kabla ya sikukuu. Fundi naye ana watoto wanaosubiri nguo mpya.

Kama wewe ni mwanamke na mchana uko peke yako nyumbani, weka mambo wazi bila kuona vibaya: saa za kufunguliwa mlango, vyumba vya kuingia na visivyoingiwa, na kwamba wabishe hodi kila wakipanda juu. Mafundi wenyewe wanapenda kuambiwa, kwa sababu wao ndio wanaoogopa kusingiziwa.

Kusimama nyuma ya fundi siku nzima hakuongezi ubora. Kagua mara mbili, asubuhi na jioni, na zungumza na fundi mkuu peke yake. Mume akisema dirisha lishuke, mke akisema lipande, na kaka kutoka Mombasa ya Unguja akapita akasema lisogee, ukuta utabomolewa mara tatu. Anayetoa amri nyumbani awe mmoja.

Hatua ya 7: Likitokea kosa

Litatokea. Ukuta utapinda, bomba litavuja. Mwite fundi pembeni, mbali na wanafunzi wake. "Maalim, naomba tutazame pamoja hapa." Weka timazi au pima maji ukutani na umuachie yeye asome. Mara nyingi atasema kabla yako. Fundi aliyetahayarishwa mbele ya kijana anayemfundisha hatosema tena ukweli nyumbani kwako. Atapaka juu, na wewe utalipa baada ya miaka miwili.

Kisha ulizaneni, kosa limetoka wapi? Likiwa ni la mkono wake, arudie kwa muda wake, wewe ukiwa na subira. Likiwa ni la kifaa ulichokinunua rahisi, au ulibadili mawazo katikati, ni lako, lipa. Mkishindwana, rudini kwenye karatasi na mashahidi wenu, baadaye kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Kumuanika mtu kwenye makundi ya WhatsApp, na picha yake juu, kabla hata hajasikilizwa, ni kumkatia riziki. Nililifanya hilo kwa mdomo wakati ule na bado linanisuta.

Hatua ya 8: Lipa

Mtume (S.A.W.) ametufunza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwa kazi ya leo maana yake ni kwamba pesa iwe tayari kabla hatua haijakamilika. "Njoo kesho" inamgharimu nauli, na "njoo wiki ijayo" inamfanya akope unga dukani.

Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Kama ni 400,000 mliyoiandika, basi mkononi mwake ifike 400,000. Andika kwenye karatasi zote mbili, tieni saini. Lile fungu la mwisho la kusubiri ukaguzi lisigeuke kuwa pesa ya kumnyima: wiki mbili zikifika, mpigie wewe, usingoje akufuate.

Wakili na mpima ardhi

Hawa wana ofisi na vyeti ukutani, na hivyo tunawasalimia vizuri zaidi, lakini uongo tunawapa uleule.

Mtu wa karibu yangu alikwenda kwa wakili juu ya shamba la urithi. Akamwambia warithi ni watatu. Walikuwa wanne, dada yao wa mama mwengine alikuwa Muscat na hawakutaka aingie. Wakili akaandaa kila kitu kwa watatu. Ilipofika mahkamani, upande wa pili ukatoa karatasi ya mirathi yenye majina manne. Wakili akajitoa, kesi ikaanza upya, na dada yule ambaye huenda angeridhika na sehemu yake ndogo sasa haongei na kaka zake.

Wakili amefungwa na siri ya mteja, lakini hana ruhusa ya kuidanganya mahkama. Kwa hiyo lile baya lililomo katika habari yako ndilo liwe la kwanza kumwambia, akiwa bado ana nafasi ya kukushauri. Mpelekee karatasi zote, zikiwemo zinazokuumiza: hati, barua za sheha, risiti, mirathi kutoka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Muulize ada yake ni ya nini, inaishia hatua gani, na gharama za mahkama ziko ndani au nje. Iandikwe. Dai risiti.

Usimuombe "azungumze na hakimu". Unamtaka avunje kiapo chake kwa ajili yako, na ukimpata atakayekubali, jiulize atakubali nini kwa ajili ya mpinzani wako. Usimkute kwenye baraza ya msikiti ukamueleza kesi nzima kwa kisingizio cha salamu. Anachokiuza ni muda na elimu, kama fundi anavyouza mkono. Na ukitaka kumbadilisha, mwende uso kwa uso, mlipe alichokwishafanya, chukua faili lako kwa shukrani.

Mpima ardhi mwite mbele ya majirani wa pande zote, na usimnong'oneze habari ya mpaka "kusogea kidogo".

Watu wa harusi

Mpishi wa biriani mtajie idadi ya kweli. Ukisema watu 200 ili bei ishuke na wakaja 300, lawama ya sufuria kuisha itamwangukia yeye, na jina lake ndilo mtaji wake. Bi wa hina mwambie kama ngozi ya bibi harusi huwasha au imewahi kuungua na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Si siri ya aibu, na yeye atabakia kwenye hina safi. Mpiga picha mpe chakula na pahala pa kukaa. Amesimama tangu alasiri.

Unapoajiri ukiwa mbali

Ndugu zangu mlioko nje, mnajenga kwa jasho kweli, na nalijua. Lakini fundi hawezi kupokea amri kutoka simu tatu. Chagua msimamizi mmoja, na umlipe. Tumezoea kumtaka ndugu asimamie bure miezi minane kwa sababu ni ndugu, kisha tunashangaa mifuko inapungua. Mwandikie kiwango chake kama unavyomwandikia fundi.

Mwambie fundi kuwa mwenye nyumba ni wewe na uko mbali. Omba picha kila Alkhamisi, kwa mfano, siyo kila saa. Na angalia saa: saa mbili ya usiku London ni saa nne au saa tano ya usiku Unguja, kutegemea majira ya huko. Mtu aliyeanza kazi alfajiri amelala.

Baada ya kazi

Ukiulizwa habari za fundi wako, sema ulichokiona. Kama ni hodari wa lipu na hajui paa, sema hivyohivyo; kumsifia kwa asichokijua ni kumpeleka kwenye kazi itakayomharibia.

Masika ya kwanza yakipita, mpigie aje atazame. Yule fundi wa Mwanakwerekwe alirudi Malindi mwaka uliofuata, akaimaliza kazi aliyoiacha, na mvua zilipokatika nikamwita tena. Alipanda ngazi polepole, akaweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo kitambo. Akaenda kwenye boriti mpya, akazigonga moja moja kwa mpini wa mwiko, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mtu. Tulikunywa chai barazani. Nilipompa nauli aliipokea, akaniambia kwenye kona ya chini kushoto bado kuna unyevu kidogo, nisiweke kabati pale mpaka mwakani.